Mwanamke wa Kwanza Mtumbwini

...kwa sababu tangu Jumanne ile ya tarehe kumi na nne Mei, mwaka 2024, saa kumi na moja alfajiri, Rwegoshora alipovuta pumzi na asiirudishe, hakuna mtu aliyemuuliza Laurensia kwamba yeye ni nani, walimwita mjane na jina likatosha, na leo ndiyo anaulizwa, tena na binti yake mwenyewe, Joyness, aliyekaa mkekani hapo barazani, simu mkononi, kidole gumba kimesimama juu ya kioo kinangoja, "Mama, sema basi, wewe ni nani, niandike," swali gani hilo la kumuuliza mtu aliyekuzaa, wewe si ndiye unayejua, si ulinyonya hapa... lakini Vero, katibu wa kikundi, amesema kila mwanachama atoe wasifu wake mfupi na picha moja, ukurasa wa kikundi unafunguliwa mtandaoni, wanunuzi wa mvinyo wa ndizi walioko Bukoba na Mwanza na kwingine wanataka kujua chupa imetoka mikononi mwa nani, au tuseme miguuni mwa nani, na hapo nyuma ya nyumba miguu yenyewe inasikika, chwa, chwa, chwa, ndizi zikipondeka pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa Rwegoshora, ule wa kukamulia, wa mti mmoja aliouchonga mwenyewe, na sauti ya Uwamahoro juu ya zote, "We Mackrine, unakanyaga kama unaua siafu! Pole pole, ndizi haikukukosea," na Mackrine akijibu, "Niache mie, mguu wangu umezoea jembe, wa kwako umezoea harusi," kisha kicheko, wanacheka sana wale, wanacheka nyumbani kwake, na yeye kakaa mbele ya nyumba hajui aseme yeye ni nani. "Si historia ndefu, Mama, sentensi tatu nne tu, na unaandikwa kana kwamba ni mtu mwingine anayekusema, Laurensia ni mzalishaji mahiri, namna hiyo." "Mahiri? Kasema nani?" "Wewe." "Mimi sijasema." "Ndiyo mtindo wake, Mama, kila mtu anajisema hivyo." "Basi kila mtu akaungame," na Joyness akacheka mpaka simu ikataka kumponyoka, lakini Laurensia hakuwa anatania, mtu hukaaje akajisifu kwa kinywa cha mwingine, hata neno wasifu lenyewe, mara ya mwisho kulisikia kabla ya mambo haya ya mtandao ilikuwa kaburini, shemeji yake Cleophace amesimama kando ya jeneza, miwani imeteleza puani, anasoma wasifu wa marehemu, alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa na Laurensia, wakajaliwa watoto, enzi za uhai wake alikuwa mkulima, mkulima!, kama vile hajawahi kuingia mtumbwini, kama vile kata nzima ya Rugu haikunywa rubisi yake, pombe yake ya ndizi, kwenye kila harusi na kila matanga, na yeye Laurensia mle ndani alikuwa sentensi moja, nusu sentensi, akafunga ndoa na, basi, halafu watoto, halafu ugonjwa, halafu udongo... "Ngoja nikusomee wa mwenzako upate mfano," anasema Joyness, naye angetaka kusema usinisomee, nimeshausikia jana Vero akiusoma, sikulala vizuri, lakini hasemi, maana atasemaje bila kuulizwa kwa nini, na mtoto anasoma kwa sauti ile ya shule, "Uwamahoro ni mwanamke wa kwanza kukanyaga ndizi katika kata ya Rugu. Alifika kutoka Songambele akiwa kibarua wa kupalilia migomba. Alifundishwa kazi na marehemu mzee Rwegoshora, aliyemwambia kuwa ndizi haikamuliwi kwa nguvu bali kwa subira, na aliyekuwa akiimba mtumbwini mpaka majirani wakajua kwamba leo kuna rubisi. Kwa kila chupa anayoijaza humkumbuka." Humkumbuka. Yeye. Kila chupa. Na mimi ninayekumbuka kila shuka, kila kikombe, kila upande wa kitanda, nimeandikwa wapi...

...maana kama Rwegoshora angelala na huyu Uwamahoro ingekuwa rahisi, Mungu anisamehe, anawaza Laurensia, akifanya ishara ya msalaba kwa kidole kidogo tu Joyness asimwone, ingekuwa rahisi, kwa jambo lile maneno yapo, wazee wapo, Padre yupo, mtu unalia, unasuluhishwa, unasamehe au husamehi, lakini halikuwa jambo lile, analijua, alimjua mume wake na anamjua huyu binti, hakuna kilichofanyika ila kazi, mchana kweupe, mlango wa nyuma wazi, na yeye mwenyewe akiwa jikoni hatua chache, akikaanga mtama wa kuchachulia, moshi machoni, akisikia wimbo ule, na miaka yote alidhani Rwegoshora anaimba ili sauti ifike jikoni, alidhani ni wa kwake, kumbe kulikuwa na mtu mtumbwini anaukariri, akauhifadhi, sasa anautoa mtandaoni hadi Mwanza, wivu wa namna hii unaitwaje, wa kumwonea mtu wivu kwa kazi, kwa maneno mawili matatu juu ya subira, kwani mimi aliwahi kuniambia nini juu ya subira, mimi aliniambia chumvi imezidi, aliniambia mbuzi wamefunguka... na mila ni yake, si ya kwangu, mama yake, bibi Eustadia, ndiye aliyenipokea na maneno hayo wiki ya kwanza ya ndoa, ameketi palepale alipoketi Joyness sasa, "Mwanangu, hapa kwetu mwanamke hakanyagi ndizi, kazi ya mtumbwi ni ya wanaume, wewe yako ni mtama na nyasi," nikasema ndiyo mama, nikakata nyasi, nikakaanga mtama, nikapika, nikazaa, sikuukaribia ule mtumbwi hata kwa kuufagia, halafu anakuja msichana na kijembe chake kutoka Songambele, hana mama mkwe wa kumtazama, hana ukoo wa kumsema, anasimama siku moja anaangalia, anasema, nilimsikia kwa masikio yangu, "Mzee, shikamoo, nami naweza kujaribu?" na mzee mwenye mila zake anasema marahaba, nawa miguu. Nawa miguu! Hivyo tu. Kama mlango haukuwahi kufungwa. "Mama, unasikia? Vero ameongeza hapa chini," Joyness anasogeza kioo karibu na macho, "anasema, mwulize mama yako kama anakubali jina la marehemu litajwe kwenye wasifu wa Uwamahoro, kama hapendi tutalifuta, wenye marehemu ni nyinyi." Wenye marehemu. Na neno Lifuteni likaja lenyewe mdomoni, limeiva tangu jana, tamu, lifuteni, abaki na kupalilia kwake, abaki na Songambele yake, mwanamke wa kwanza, wa kwanza wa nini, na kule nyuma Uwamahoro anapaza sauti, "Mama Yustus! Nyasi zinatuishia! Mackrine anazila!" "Muongo huyo, mama, usimsikilize!" na Laurensia akaitikia kwa mazoea tu, "Zipo kando ya zizi, chukueni," na akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka bila kinyongo, sauti ya mtu mwenye nyumba, na akafungua tena mdomo amwambie Joyness lile neno, lifuteni, lakini nyasi, nyasi mbichi, harufu yake imekuja na upepo pamoja na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ikampitisha miaka yote mara moja mpaka asubuhi ambayo hajawahi kuisimulia, si kwa dada yake, si kwenye jumuiya, kwa sababu haikuwa kitu, ilikuwa mzaha... bibi Eustadia alikuwa ameenda Igurwa kwenye msiba, uani hakuna mtu, Yustus amelala mgongoni mwake, naye ameleta nyasi kama kawaida, amezitua, anageuka kuondoka, na Rwegoshora kijana, suruali imekunjwa mpaka magotini, magoti yanang'aa kwa utomvu, anasema, "Wewe. Njoo ukanyage. Mama hayupo." "Watu wataniona." "Watu wako mashambani kwao. Nawa miguu, njoo." Alinawa. Ndiyo, alinawa, wala hakumbuki kuamua, alinawa mguu mmoja kwa maji ya kibuyu, akashika bega la mumewe, akauingiza, ubaridi, utelezi, ndizi ikipita katikati ya vidole kama kitu kilicho hai, na akacheka, na mumewe naye akacheka, halafu mtu akakohoa njiani, sijui nani, mpita njia tu, naye akaruka nje kama aliyekanyaga moto, kitenge kimelowa, mtoto kaamka analia, na Rwegoshora akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, "Rudi, ameshapita," "Sirudi," "Basi siku nyingine," akasema basi siku nyingine, na ile siku nyingine... hakuniita tena. Hilo ndilo nililolibeba, hakuniita tena, nilingoja mwaka ule na mwaka uliofuata, nikipeleka nyasi nilizitua taratibu, nilichelewa kugeuka, mama mkwe akazeeka, akafa, tukamzika, hakuna tena wa kutuona, na bado nikangoja kuitwa, na yeye labda, Bwana wangu, labda yeye aliona mtu aliyeruka nje akasema sirudi, akaheshimu, akangoja mtu huyo aseme mwenyewe, nami naweza, maneno mawili, yale ya msichana wa Songambele, mimi nangoja kuitwa jikoni, yeye anangoja kuombwa mtumbwini, ukuta mmoja katikati, na anaimba. Anaimba kwa sauti. Kwa nini mtu peke yake aimbe kwa sauti ile... Basi huyu binti hakuninyang'anya kitu. Alikuta mlango wazi. Uliachwa wazi kwa ajili yangu, ukakaa wazi mpaka akapita yeye, na pengine, pengine mzee alifurahi kwamba hatimaye kuna aliyepita, na wasifu huu wa mtandaoni una wimbo wake na mguu wake na maneno yake, ule wa kaburini ulikuwa na mkulima tu, na nikisema lifuteni nitamzika mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimeshika koleo mwenyewe. Mwanamke wa kwanza, amwache awe wa kwanza, mguu mmoja hauhesabiwi, na kama unahesabiwa anajua mmoja aliyelala pale chini ya migomba. Bado inauma. Inauma pale pale, haijasogea, ila sasa inauma kama kitu changu. "Mama, umelala? Nimjibu Vero nini, lifutwe au libaki?" "Libaki." "Na wewe sasa? Nikuandike nani?" kidole gumba bado kimesimama juu ya kioo, chwa, chwa, chwa nyuma ya nyumba, "Ngoja kwanza, mwanangu, niongee na Mungu kidogo," na Joyness, aliyelelewa humo, akashusha simu akainamisha kichwa bila kuuliza... Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Rwegoshora, mume wangu, uliyempa miguu ya kukamua na sauti ya kuimba, usiangalie alichokosa, wala nilichokosa mimi kwake, mnawishe vumbi la safari, mwonyeshe mahali pake, na kama huko kuna kazi mpe kazi, na akiimba, Bwana, uitikie wewe, mpaka nami nitakapofika niitikie, na roho za waumini wote waliotutangulia uzipumzishe kwenye mwanga wako usiozimika, amina.