Kikwembe cha Msumarini

Siku ya tatu tangu arudi nyumbani Butembo, Falonne aliamka akiwa tayari amemkasirikia mdogo wake.

Alikuwa amekwenda Beni kwa wiki moja tu, kupeleka maharagwe. Mapigano yakafunga barabara, na ile wiki ikawa miezi tisa. Watoto wake wawili, Siméon, mwenye miaka sita, na Elsa, ambaye aliachwa akitambaa na sasa anakimbia, walibaki na Séphora, mdogo wake wa tumbo moja, waliyemwita Tantine.

Asubuhi hiyo Elsa alijikwaa kizingitini. Falonne akaruka na mikono wazi. Mtoto akampita kama mtu apitavyo kando ya nguzo, akajitupa kwenye magoti ya Séphora.

"Tantine! Damu!"

"Njoo, malaika yangu. Damu iko wapi? Hii hata mbu hapana shiba."

Elsa akacheka. Falonne alikisikia kicheko hicho mpaka kwenye meno.

"Séphora, leo ni soko ya Musienene. Viazi hatuna."

"Yaya, dada yangu, mbona nusu mufuko iko pale…"

"Nimesema hatuna."

Séphora alimtazama dada yake. Akachukua kikapu, akapitisha mkanda wake kwenye paji la uso. Mlangoni akageuka.

"Saa ya kulala, Yaya, usisahau kumupeleka ku…"

"Utanifundisha mutoto miye nilizaa?"

Séphora akaenda zake.

Elsa alilia mpaka sauti ikakauka. Uji akaumwaga. Alipobembelezwa, akakaza mwili kama ubao. Falonne akaona heri ajipambe, labda mtoto angempenda akipendeza. Chumbani, kwenye msumari, kilining'inia kikwembe chake kizuri, kitenge cha manjano chenye ndege, alichokiacha siku ile ya safari. Alipokishusha, akaona pindo lake limechakaa, limejaa alama za vidole.

Kumbe Séphora alikuwa akikivaa! Watoto wangu, na nguo zangu pia!

Akakibeba mpaka uani, akakitumbukiza kwenye beseni la sabuni, akakisugua kwa hasira.

"Mama!" Elsa akapiga ukelele. "Mama! Mama!"

Falonne aligeuka. Miezi tisa alikuwa amelisubiri neno hilo. Lakini mtoto hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ametia mikono yote miwili kwenye povu, anavuta kitambaa.

Siméon, aliyekuwa akimenya maharagwe, akasema taratibu, "Mama, unazamisha mama yake."

"Unasema nini?"

"Ile kikwembe. Kila siku mbele ya kulala, Tantine anatusimamisha pale ku musumari. Anasema, 'Muambie mama yenu alale muzuri.' Miye najua ni nguo. Lakini Elsa iko mudogo. Siku masasi ya bunduki ililia, Tantine alikimbia na Elsa ku mugongo na kikwembe mu mukono. Masufuria yote aliacha."

Falonne alibaki ameinama juu ya beseni. Alikuwa amejiandaa kugombana na mdogo wake. Hakuwa amejiandaa kushindana na kitambaa. Na bado, aibu ikimwaka usoni, alikionea wivu: zile alama zote za vidole, jioni baada ya jioni, zilikusudiwa yeye, na kikwembe ndicho kilizipokea.

Akakikamua. Akakirudisha msumarini kikichuruzika maji, akasimama kando yake, amegusa ukuta.

Elsa akaja akiwa na kwikwi. Akashika pindo lililolowa. Ulikuwa mchana mweupe, lakini maneno aliyoyajua yalikuwa hayo tu.

"Mama, lala muzuri."

"Na wewe lala muzuri, Elsa," Falonne akajibu.

Mtoto akaganda. Miezi yote hiyo mama hakuwahi kujibu. Akawatazama wale ndege wa manjano, mmoja mmoja. Kisha, polepole, akainua macho mpaka kwenye uso wa mwanamke aliyesimama pale.

"Sema tena," akasema.