Picha Ishirini na Mbili na Mgomba Mmoja

Mimi Xavery sijapata kuamini karata, hata kwa muda wa kupiga chafya. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu hapa Murukulazo watu wana midomo. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimepasua chura nikauona moyo wake ukidunda. Mtu wa namna hiyo hawezi kuulizia habari za vita kwenye kikaratasi chenye rangi. Yote niliyoyafanya tangu Februari hadi Julai niliyafanya kwa ajili ya ndizi na maharage.

Maharage yenyewe yalikuwa ya Leonidas. Leonidas ni mtoto wa shangazi yangu Restituta, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu utotoni kazi yetu imekuwa kuchekana. Desemba ya mwaka sabini na nane alipanda lori pamoja na mgambo wengine kwenda vitani, nami nikamwambia kwamba adui akimwona atakimbia kwa sura tu, risasi zitabaki. Alicheka mpaka lori likapinda kona.

Tangu siku ile shangazi alimpakulia kila jioni. Alijaza bakuli lake la bluu, akaliweka juu ya kigoda chake, akalifunika kwa jani la mgomba. Chakula cha mtu aliye safarini hakimwagwi, na baada ya sala ya jioni kilihitaji mtu wa kukimaliza. Nyumba yetu iko hatua ishirini kutoka kwa shangazi. Mengine mnaweza kuyajaza wenyewe.

Mwisho wa Januari akarudi mtu wa kijiji cha jirani, mguu umefungwa, akasema alimwona Leonidas akianguka karibu na mto na hakumwona akiinuka. Wengine walioondoka naye walikuwa wameshaandika barua. Yeye hakuandika hata mstari.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Ndayisaba, kaka mkubwa wa marehemu mume wa shangazi. Msimfikirie vibaya. Ni mzee mpole, anayewaamkia hata watoto. Lakini mila anazijua, na kwetu mtu akifia mbali, maiti isirudi, wazee hukata mgomba wenye kimo chake, wakauvika shuka, wakauzika kiamboni. Asipozikiwa mgomba, husema wazee, marehemu anazunguka hana pa kulala. Na ukishazikwa, mama hampakulii tena. Bakuli hufunikwa kifudifudi, basi.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno matatu tu: "Mwanangu hajafa, shemeji." Mzee akamuuliza amejuaje. Shangazi akalishika lile bakuli kama anayezuia lisidondoke.

Nami nilikuwa nalitazama bakuli lile lile, kwa sababu zangu. Nikasema ipo njia ya kujua.

Njia yenyewe ilikuwa kopo la biskuti. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya kibarua Kasulo kwa Mzungu mmoja mpima mawe, nikimbebea vijiwe na kumtafsiria matusi ya vibarua kuwa salamu. Alikuwa na pakiti tatu za karata za kutazamia mambo: moja ya picha kubwa za watu, ya pili ya wanyama na maua, ya tatu zile za kawaida. Kila wiki alishika pakiti moja, akaiuliza madini yako wapi, akaandika majibu daftarini. Kwa nini hakuyapata, sasa mnajua. Vita vilipoanza alifunga hema akaniachia kopo zima, labda kwa hasira.

Nikazitoa zile za picha kubwa. Ishirini na mbili zilikuwa na watu, malaika, jua na mwezi. Nyingine zilikuwa vikombe na magongo matupu, nikazirudisha koponi. Ya kwanza niliichagua mwenyewe kabla sijaifunua, naungama: jua linawaka, na chini yake watoto wawili wameshikana. Shangazi akaisogeza karibu na moto. Akasema ni Leonidas na mimi tulipokuwa tukichunga mbuzi, ila kwenye picha mbuzi hawapo kwa sababu hata siku zile tulikuwa tukiwapoteza.

Mzee Ndayisaba hakucheka. Alizichukua zote, akalamba kidole gumba, akazihesabu mara mbili. Akampelekea katekista Protasi aandike namba nyuma ya kila moja kwa wino. Kisha akatoa hukumu, na sauti yake haikuwa ya ukali: kila Jumapili baada ya sala itafunuliwa picha moja. Zikiisha ishirini na mbili bila habari za mtoto, yeye atakata mgomba, na shemeji yake asimkatalie. Shangazi akakubali. Ikawa roho ya mtu imefungwa kwenye kopo la biskuti, na ufunguo ninao mimi, mtu ambaye shuleni waliniondoa hata kwenye uongozi wa zamu ya kufagia.

Mnadhani Protasi angepinga. Alikuja Jumapili ya kwanza amebeba maji ya baraka, tayari kufukuza mashetani. Bahati yake, au yangu, siku hiyo nilifunua mzee mwenye ndevu na taji ya ngazi tatu. Protasi akavua kofia. Mwaka uliopita tulikuwa tumewaombea mapapa watatu, kwa hiyo taji aliijua vizuri. Tangu hapo maji ya baraka aliyanyunyizia karata zenyewe. Sote tumefundishwa katekisimu kwa picha za ukutani, na mtu aliyefundishwa hivyo akiona picha hutafuta mtakatifu. Mzee mwenye taa akawa Yosefu anayemtafuta Yesu aliyepotelea hekaluni. Mtu aliyening'inizwa kichwa chini akawa Petro mtume, japo amefungwa mguu mmoja tu. Mwanamke mwenye taji ya Papa alitutia matatani, Protasi akafikiri wiki nzima, Jumapili iliyofuata akatangaza kuwa ni Mtakatifu Ana akiwa amemshikia mtu kofia.

Kufikia Machi hatukuwa tena watu wanne. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja uani kwa shangazi, wakakaa kwenye majamvi ya kuanikia kahawa. Kila mwenye mtu vitani alitaka kuona. Hata katika shamba la ujamaa, siku za bega kwa bega, mistari ya jembe ilikwenda ikibishana kama simba wa picha ya wiki ile alikuwa anafunguliwa mdomo au anafungwa. Shangazi alilima mstari wake, akalima na wa Leonidas, akisema mtoto akirudi asikute watu wanamsema mvivu. Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya karata, mbali na maharage: kila Jumatatu aliamka.

Picha nilizipanga kwa akili. Yule anayeendesha gari la farasi nilimweka Jumapili ambayo redio ya dukani ilisema majeshi yetu yanasonga mbele. Malaika anayepiga tarumbeta, wafu wakitoka makaburini, nilimtunza kwa ajili ya Pasaka. Siku nne kabla yake Kampala ikaanguka. Siwezi kuwaeleza Pasaka ile. Vigelegele vilianza kwenye aleluya vikaisha Jumatatu mchana, na Protasi alicheza ngoma akiwa bado na kanzu ya ibada. Shangazi aliifua shuka ya Leonidas akaianika, kwa sababu vita vikiisha watu hurudi.

Wakarudi wengine. Mei nzima walirudi mmoja mmoja, wakaletewa mitungi, wakasimulia. Hakuna aliyekuwa kikosi kimoja na Leonidas. Shuka ilifuliwa tena, ikaanikwa tena, ikaanza kupauka.

Na picha zilikuwa zinapungua. Juni nilijaribu kuingiza mbweha kutoka pakiti ya pili. Mzee Ndayisaba akamgeuza mbweha kisogo, akaniuliza namba yake ya wino iko wapi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao, lakini usiku sikulala vizuri. Kwa sababu, jamani, niliijua ya mwisho.

Kati ya zile ishirini na mbili ilikuwapo moja ambayo tangu Februari nilikuwa naisukuma chini. Kiunzi cha mifupa kimeshika fyekeo refu, na ardhini zimetapakaa mikono na vichwa vya watu. Hahitajiki mtu wa kidato cha nne kuisoma hiyo. Ningeitupa mapema, lakini namba ilikuwa imeandikwa, na Mzee alikuwa amezihesabu.

Jumamosi ya mwisho wa Juni nilishuka migombani alfajiri, picha ile ikiwa mfukoni, nia yangu niifukie chini ya mabua niseme panya wameila. Umande ulikuwa mwingi. Niliteleza, nikaanguka, nikabadili mawazo, nikarudi. Hakuna zaidi ya hapo. Kesho yake shangazi aliniuliza kwa nini suruali yangu ya kanisani ina udongo mwekundu magotini, nikamwambia nimeteleza.

Jumapili ua ulijaa. Mzee Ndayisaba aliketi pembeni. Shuka mpya ilikuwa imekunjwa magotini mwake, kila mtu aliiona. Nikaiweka picha ya ishirini na mbili juu ya kigoda, kando ya bakuli. Protasi akatazama akafumba macho. Nyuma kuna mama alianza kulia taratibu.

Shangazi akainama. Akaitazama muda mrefu kuliko zote. Kisha akasema:

"Huyu anavuna."

Watu wakasogea nyuma kwenye majamvi.

"Mnaogopa nini? Mtu amekonda. Nani asiyekonda vitani? Lakini tazameni anavyoshika kifaa. Anafyeka, mguu mmoja mbele, kama Leonidas kabisa. Shemeji, mfu anafanya kazi?"

Mzee Ndayisaba alinitazama mimi, si picha. Alinitazama hivyo mpaka nikaanza kujikuna. Halafu akainuka, akaiweka ile shuka kwapani, akasema kwamba panga lake ni butu, na jiwe la kunolea limeazimwa, kwa hiyo mgomba utangoja hadi Jumapili ijayo. Panga la Mzee Ndayisaba kuwa butu! Hata mbuzi wa Murukulazo wanalijua panga lile. Lakini hakuna aliyeuliza.

Alhamisi tulikuwa tunageuza kahawa kwenye majamvi, mimi nawaeleza kina mama jinsi mifupa inavyovuna, nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwamba tangu lini Xavery anafanya kazi huku amesimama. Sikugeuka. Niliijua sauti, na nikaogopa kwamba nikigeuka hatakuwepo. Shangazi ndiye aliyegeuka. Kahawa yote ya jamvi lile ilimwagika, na mpaka leo kuna punje ndani ya nyufa za ua.

Leonidas alikuwa amekonda kweli, na mkono wa kulia una vidole viwili pungufu. Alianguka karibu na mto, ndiyo, lakini aliinuka alipokwisha kuondoka yule shahidi. Alilazwa, akapona, akapelekwa jikoni, akawapikia wenzake hadi Kampala. Na barua? Akashangaa kusikia swali. Alituma nne. Vidole vikiwa vimefungwa, aliandikiwa na rafiki yake mmoja kutoka Kaniha, upande wa Biharamulo, kijana mwenye mwandiko mzuri. Basi yule wa Kaniha, mkono umezoea kuandika kwao, juu ya kila bahasha akaandika: Murukulazo, Biharamulo. Barua nne zilikuwa Biharamulo zinatafuta Murukulazo huko, wakati Murukulazo iko Ngara, inafunua picha. Walizileta wiki mbili baadaye zimefungwa kamba, na shangazi anazisomewa kwa zamu.

Jumapili ile, badala ya kuzikwa, mgomba uligeuka kuwa mwenyeji: ndizi zilikamuliwa, mtungi ukakaa katikati ya ua, mirija ikazunguka. Leonidas alipewa bakuli lake la bluu likiwa limejaa, akanitazama, akauliza mbona limechakaa hivi ukingoni wakati aliliacha jipya. Nikamwambia vijiko vya ushirikiano. Watu walikuwa na furaha, mimi nikawa na furaha kuliko kiasi, na mrija ulipokwisha kunipitia mara tatu nikasimama. Nikawaeleza yote: nilivyopanga picha, mbweha, tarumbeta ya Pasaka. Nikawaambia walivyopiga magoti mbele ya karatasi za mpima mawe, lakini mimi, msomi, sikuziamini hata siku moja. Nilikuwa nalinda maharage.

Walicheka. Hata Protasi, kwa uchungu kidogo.

Mzee Ndayisaba hakuwa amecheka. Alifuta mrija kwa kiganja, akasema polepole, kama anayesimulia habari za shamba, kwamba Jumamosi ile alishuka migombani kabla ya jua, ana panga kali na kamba ya kupimia. Alikuwa ameshauchagua mgomba. Akasikia mtu anaongea. Akachungulia.

"Nikamwona huyu msomi amepiga magoti. Picha ameisimamisha kwenye shina. Anaiambia: 'Bwana Mifupa, mimi ni mwongo, unajua. Lakini yule mwache. Ukihitaji mtu wa ukoo huu, nipo, tena nimenenepa kwa chakula chake.' Alilia mpaka nikaona aibu kusikiliza. Nikasema moyoni, kama huyu anayecheka kila kitu anaomba, mimi ni nani wa kukata? Nikarudi nyumbani na panga langu."

Nilifungua mdomo. Mzaha wote nilionao duniani ulikuwa umekwenda Biharamulo.

Leonidas alikuwa ameinamisha kichwa, anaukandakanda ukingo wa bakuli kwa vidole vyake vitatu. Shangazi aliinuka, akaja mpaka nilipo, akaikunjua suruali yangu ya kanisani magotini, akaugeuzia mwangani ule udongo mwekundu, ambao nilikuwa nimeufua mara mbili na haukutoka.