Pembe Ndani ya Gunia

Nezif alinuka, na dada yake Temima alikuwa ameshachoka kuziba pua. Ilikuwa harufu ya zabadi, ile nta ya njano anayoitoa mnyama aitwaye fungo chini ya mkia, ambayo Nezif aliikwangua kwa kijiko kwenye kibanda alimomfungia mnyama huyo, ambamo mwanamke haruhusiwi kuingia. Watu husema mataifa ya mbali huinunua kwa bei kubwa na kuitia kwenye manukato. Labda huko, tone moja ndani ya chupa kubwa. Humu nyumbani ilinuka kama beberu aliyelowa na siagi iliyochacha. Iligandia shukani na kwenye nywele, na hata mkate ulikuwa nayo. Temima alikula haraka ili asiusikie vizuri.

Wala hakuweza kulalamika. Mtu hamtaji fungo mbele ya wageni. Jicho baya likimfikia mnyama huyo, nta yake hukauka, na pengine hufa. Hata wenyewe walimwita "mgeni wetu", na jirani akiuliza kunanuka nini, anajibiwa ni ngozi ya ng'ombe inakaushwa.

Asubuhi hiyo Abba Dilbi, kaka wa marehemu baba yao, alikuja kunywa kahawa. Yeye ndiye aliyebaki na neno la mwisho juu ya shamba. Nezif alitaka kung'oa mibuni ya Dinsare apande miche mipya ya serikali, ile yenye ncha za kijani, inayozaa hadi matawi yanainama na isiyopata ule ugonjwa unaoyafanya matunda kuwa meusi. Temima hakutaka. Dinsare alikuwa mama wa bibi yao. Aliichimbua mibuni hiyo msituni ingali midogo kama kidole, mahali ndege walipodondosha mbegu, akaja nayo mgongoni pamoja na mtoto. Majani yake ni membamba, ncha zake rangi ya shaba, punje zake ndogo. Inazaa kidogo, hilo ni kweli. Lakini ukiinywa kahawa yake, kwanza unasikia ua la limau, halafu asali ya msituni, na mwisho uchachu mwembamba unaokufanya umeze mate. Ile mipya, kwa Temima, ilikuwa shayiri iliyoungua basi.

Mama yao alikufa akimshika Temima mkono na kumwambia, "Ising'olewe."

"Mama yenu alinichosha," alisema Abba Dilbi akikaa. "Kila nikipita, shemeji onja, shemeji onja. Mimi nikawa na haraka zangu. Haya, leo naonja. Ikinipendeza, inabaki. Isiponipendeza, Nezif ashike shoka."

Mama Sifa, jirani yao, naye alikuwa ameitwa, kwa sababu kahawa hainywewi na ukoo peke yake. Temima alitandaza nyasi mbichi, akachota punje ghalani kutoka kwenye gunia la mama yake, akaanza kukaanga. Nezif alikaa karibu naye kabisa, bega kwa bega. Moshi ulipopanda, Temima alisikia ile harufu, akasogea. Akadhani ni ya nguo za kaka yake. Nyumba nzima ilikuwa hivyo, angefanyaje?

"Binti, unakaanga kahawa au nywele zako?" alitania Mama Sifa.

Temima alitabasamu akiangalia chini. Hakuwa msemaji. Alitwanga, akachemsha kwenye chungu cha mama yake, akatia chumvi kidogo, akamimina.

Abba Dilbi alisema bismillahi, akapiga funda. Macho yakamtoka. Akaitema yote kwenye nyasi.

"Nini hii? Umechemsha soksi za mtu?"

Mama Sifa alionja kwa ncha ya ulimi, akajifuta kwa mtandio. "Nilikunywa kahawa ya Dinsare kwenye arusi ya mama yako, mwanangu. Haikuwa hivi. Labda mibuni nayo huzeeka ikaoza."

"Si nilisema?" alidakia Nezif. "Imeoza kutoka mizizini. Tunakumbatia uchafu tu."

Temima alikunywa kikombe chake. Harufu haikuwa ya nguo za mtu. Ilikuwa ndani ya punje, mafuta mafuta, ikigandia kwenye meno. Akakumbuka juzi alivyomwona Nezif akitoka ghalani, akijifuta mikono kwa majani ya mgomba. Alimtazama. Nezif akaangalia upande wa ghala, kisha vidole vyake.

Alikuwa amejua. Pengine si wakati wa kuificha zabadi yake guniani, lakini sasa alijua, na alikuwa ameamua kunyamaza. Hilo lilimchefua Temima kuliko kahawa.

"Ni fungo," alisema.

Mama Sifa alijifunika uso. Nezif aliruka. "Funga mdomo! Una wazimu?"

Temima alikwenda ghalani, akaliburuta gunia hadi mbele yao, akalimwaga juu ya nyasi. Katikati ya punje ikabingirika pembe ya ng'ombe, mdomo wake umezibwa kwa jani lililopasuka, nta ya njano ikitiririka kama usaha.

Abba Dilbi aliziba pua kwa kilemba. "Humu? Kwenye kahawa?"

"Wezi hawatafuti kwenye kahawa," alisema Nezif kwa sauti ndogo. "Sikujua kahawa inavuta harufu."

"Na nilipotema? Mbona hukusema?"

Nezif aliinama kuiokota ile pembe.

Mzee alisimama, akatema tena. "Mimi kahawa sijaonja. Nimeonja matako ya mnyama. Shoka likae mpaka mavuno yajayo, na kahawa hiyo ailinde Temima mwenyewe. Ufunguo wa ghala mpe sasa hivi."

Nezif aliutupa kwenye nyasi. "Mgeni akifa, wewe ndiye uliyemuua."

"Afe," alisema Temima.

Walipoondoka, aliyafukia mavuno yote, maana hata kuku waliyakimbia. Chungu cha mama yake alikisugua kwa majivu, akakisugua tena kwa limau, akakinusa. Bado. Akakipasua juu ya jiwe huku akilia.

Kisha akashuka shambani. Kwenye mbuni wa mwisho lilikuwa limesalia tunda moja jekundu, limeiva kupita kiasi. Alinyoosha mkono, akanusa vidole vyake, akaurudisha. Akainama, akalichuma kwa midomo.