Mkeka wa Kurasa Mia Mbili

Mzee Pandu Ngwali hakuwa mtu wa makuu. Akipata kikombe cha kahawa chungu, redio inayomchezea taarabu ya taratibu pembeni, na kitabu juu ya goti, basi dunia yote imemtosha. Tangu astaafu ukarani, alikuwa akikaa kwenye baraza ya nyumba yake hapo Gombani mpaka jua limfukuze, kisha huhamia upande wa pili kukifuata kivuli. Kuhama huko ndiko kulikokuwa zoezi lake pekee, na hata huko alilalamika kwamba kunamkatia hadithi.

Aliyemharibia ni daktari. Alimpima presha mara mbili, mara ya pili kwa kutoiamini ya kwanza, akamwambia atembee nusu saa kila siku na arudi baada ya mwezi. Mzee Pandu aliitikia kwa adabu, adabu ya mtu asiye na nia. Bahati mbaya alikuwa amekwenda na mkewe.

Bi Asya hakugomba. Walipofika nyumbani alisimama mbele ya kabati la vitabu, akalitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba presha ikiwa haijashuka siku ya kurudi kwa daktari, vitabu vyote vinatiwa magunia na kupelekwa Shumba kwa kaka yake, Vuai. Mzee Pandu moyo ulimpiga pa! Vuai alikuwa mkulima hodari na mtu mkarimu sana, lakini hakuwa amefungua kitabu tangu atoke skuli, na kuku wake walitaga popote walipopenda. Na Bi Asya akisema, amesema.

Binti yao Nusaiba, aliyeolewa Unguja, aliwaletea kwa boti traksuti na raba nyeupe. Keshoye, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Pandu alitoka kwake kifua mbele kuelekea uwanja wa michezo. Zipu ya traksuti ilikuwa imepandishwa hadi kidevuni, na ndani yake, juu ya tumbo, kimelala kitabu.

Si kwamba alikusudia hila. Alijiambia atatembea raundi mbili, kisha apumzike kwa ukurasa mmoja. Lakini akaanza na ukurasa, na kitabu chenyewe kilihusu bwana mmoja aliyemuaga mkewe kwamba anakwenda dukani kununua sukari, asirudi miaka kumi na mbili. Nani angekifunga? Alipoinua kichwa pale kwenye ngazi za jukwaa, jua lilikuwa limeshatoka na watu wameondoka. Alikwenda bombani, akajilowesha uso na kifua, akarudi nyumbani anahema. Bi Asya alimpa chai isiyo na sukari, akampa na pole. Ile pole ilimchoma kidogo, lakini kesho yake alikuwa palepale, ngazi ileile.

Ikawa hivyo siku kumi na mbili. Kila asubuhi kikundi cha mazoezi cha kina mama kilimpita kikikimbia, jirani yao Bi Kazija mbele akianzisha nyimbo na wenziwe wakiitikia. Mzee Pandu alizipenda nyimbo zile. Alizifuata kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya raba, na hayo ndiyo mazoezi aliyoyafanya.

Aliyeitoa siri ni huyo huyo Bi Kazija, tena kwa moyo safi. Walikutana na Bi Asya sokoni Chake, kwenye samaki, akauliza kama mgongo wa Mzee umepoa, maana maskini kila siku anajikokota hadi uwanjani asiweze ila kukaa. Bi Asya akajibu kuwa anaendelea vyema, alhamdulillahi, akanunua changu wake akarudi nyumbani. Alianza ukili mpya wa mkeka, akasuka mchana kutwa.

Mikono ya Bi Asya haikujua kukaa bure. Miyaa ya ukindu iko kwapani, vidole vinasuka, awe anatembea, anazungumza au anangojea wali uive. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha, unashonwa mkeka. Katika nyumba ile ukili ukisimama, pana jambo. Ukienda mbio, pana jambo kubwa zaidi. Siku hiyo ulikwenda mbio, na Mzee Pandu, pua imo kitabuni, hakuona.

Asubuhi iliyofuata, yule bwana wa sukari alikuwa ndiyo kwanza amerudi, amesimama mlangoni kwake, mkono ameuinua abishe hodi. Mzee Pandu hakusikia nyayo.

"Umefika wapi?"

Aliinua uso. Bi Asya alikuwa ngazi moja chini yake, ndani ya buibui, ukili kwapani.

"Raundi ya nne," akasema, kabla akili haijamfikia.

"Nakuuliza kitabu, Baba Nusaiba."

Aliyaona magunia. Akawaona na kuku wa Vuai. Akasema kwa dhati kwamba amekosa, kwamba atakimbia sasa hivi mpaka adhuhuri, ila vitabu viachwe. Bi Asya akaketi kando yake, na vidole vyake vikasimama.

"Mie sina ugomvi na vitabu," alisema. "Wakumbuka ulivyokuwa ukinisomea, Nusaiba yumo tumboni? Mie nasuka, weye wasoma. Ulipostaafu n'kasema sasa n'tasomewa. Ndo ukaanza kusoma kimya. Nakaa ubavuni pako mchana kutwa, naona midomo yaenda, sauti siisikii. Nna wivu, huo ndo ukweli."

Bi Asya alihitimu Qur'ani akiwa mdogo, lakini skuli alitolewa mapema akalee wadogo zake, na maandishi ya vitabu vya mumewe hakuyaweza. Mzee Pandu alilijua hilo kwa miaka thelathini na sita, na bado alilisahau. Aliona haya hasa, haya ambazo maji ya bomba yasingeziosha.

"Inuka," akasema Bi Asya. "Twenda twasoma. Anza mwanzo."

Mzee alisema mtu hawezi kusoma huku anatembea. Bi Asya aliutazama ukili mkononi mwake, kitu alichotembea nacho tangu ana miaka saba, akatangulia.

Siku ya kwanza alijikwaa mara tatu na kumkanyaga mkewe mara moja. Siku ya tatu miguu ilishajua njia, yeye akisoma, Bi Asya akisuka. Wiki haijaisha, kikundi cha Bi Kazija kilianza kukimbia polepole kikifika karibu yao, kisha kikawa kinatembea kabisa, nyimbo zimekatwa nusu ili hadithi ipate nafasi. Yule bwana alipoaga kwenda dukani, Bi Kazija alisema huyo harudi. Mzee Pandu akamfanyia mke wa kitabuni sauti nyembamba, akacheka mwenyewe. Raundi zikawa tano, zikawa sita. Siku moja alijikuta analipita geti la kutokea kwa hiari yake, kwa sababu sura ilikuwa haijamalizika.

Daktari alimpima mara mbili, mara ya pili kwa kutoiamini ya kwanza. Akauliza ametembea kilomita ngapi. Mzee Pandu akajibu kurasa mia mbili kasoro sita, na daktari akaandika anachokijua mwenyewe.

Vitabu vikabaki kabatini. Siku chache baadaye, alasiri, Bi Asya alitandika mkeka mpya barazani, akamzuia mumewe asikae kwanza. Akapiga magoti, akaweka kidole kwenye ukili.

"Hapa kenda kununua sukari," alisema, kidole kikaufuata ukili. "Hapa mamake kafa. Hapa fundi kaja kuposa, bibi kakataa. Hapa kabisha hodi."

Mzee Pandu alimfuatisha kimoyomoyo, na kila tukio lilikuwa mahali pake. Furaha ilimjaa hadi macho yakamlowa. Kisha akagusa mwanzo kabisa wa ukili, mahali ambapo miyaa ilikazwa mno hata mkeka ukainuka pembe.

"Na hapa?"

"Hapo ndo siku alonambia Kazija," akasema Bi Asya. "N'ngeweza kupafumua. N'mepaacha upakalie."

Mzee Pandu akakaa papo hapo, akafungua kitabu kipya, akasafisha koo, akaanza kusoma kwa sauti.