Mkono Kwenye Gharika

Baba yangu ameitwa Mkono kwa miaka thelathini na moja, na kila nikilisikia jina hilo damu hunichemka.

Zamani, kabla kompyuta hazijajua kutengeneza mafuriko, baba alikuwa fundi wa maajabu ya filamu. Aliujenga mji mzima kwa maboksi ya viatu ndani ya beseni, maji yakamwagwa, na kwenye skrini watu wakaona gharika. Ila nyumba moja ilikataa katakata kuanguka. Kamera ikiwa bado inazunguka, mkono wa mtu ukaingia kwenye picha na kuisukuma kwa kidole. Mkanda ukaishia hapo hapo, hakukuwa na mwingine wa kurudia. Mwongozaji alipofoka akitaka kujua ni nani, baba akajibu, "Mimi." Tangu hapo hata muuza magazeti humwuliza, "Mkono, umeangusha ngapi leo?"

Kazi nimeirithi, kisasa: nakaa mbele ya kompyuta nikifuta kamba zinazowaning'iniza waigizaji. Kwa hiyo filamu ile ilipoletwa ofisini isafishwe ionyeshwe upya, na bosi akataka kila kosa lifutwe kabla ya Ijumaa, nilikimbia kumpasha baba habari njema.

"Nyuzi zilizoshikilia vijumba futa zote," akasema. "Mkono uache."

"Baba, watakucheka mpaka lini?"

"Wameshacheka sana, mwanangu. Hawajaniua."

"Mimi wananiua!"

Akaendelea kumenya chungwa lake. Nikajisemea, mzee hajui faida yake. Nitaufuta, atanishukuru baadaye.

Jumatano asubuhi nikaanza. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na nne, na mkono ulikuwamo kwenye kumi na nane tu. Nikaikuza ya kwanza ili niuzungushie mstari. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka katikati, toka shinani hadi nchani.

Ukucha ule naujua. Sindano ya cherehani iliutoboa kabla sijazaliwa, na haukuota mzima tena. Ndio uliokuwa ukinikwaruza kichwani kila Jumapili nikisukwa, hadi mama alipofariki nikiwa na miaka tisa. Picha zake tunazo mbili, zote za pasipoti.

Nikampigia baba. "Ule mkono ni wa mama."

"Ndiyo," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akimwaga maji. Alilia kutwa nzima kwa aibu. Ningemtaja?"

"Hata mimi hukuniambia!"

"Wewe? Na huo mdomo? Mtaa mzima ungejua kabla ya chai."

Nililia pale pale, wenzangu wakinitazama. Kisha nikafuta nyuzi mia mbili, kivuli cha kamera na nzi mmoja.

"Umesahau mkono," bosi akasema.

"Sijasahau."

"Watu watacheka."

"Nusu yao wanaujia huo huo."

Akakuna kichwa, akanitazama macho yaliyovimba, akaenda zake.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Nyumba ilipogoma, watu wazima na vitambi vyao wakapiga kelele, "Mkonooo!" Baba akasimama, akapunga mkono wake mnene wenye kucha tano nzima, akakipokea kicheko chote. Mimi safari hii sikukasirika. Nilikuwa namtazama mama, robo tatu ya sekunde, akiisukuma nyumba.