Jumanne Bahari Ilikuwa Shwari

Maji ya bwawa la kuogelea yalikuwa yanaruka nje ya bwawa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza: ghorofa ya kumi na moja ya meli, viti vimefungwa kamba, na maji yanayumba huku na huku mpaka yakamwagika karibu yote sakafuni. Mume wangu, Alireza, alikuwa chumbani akitapika kwenye mfuko wa karatasi. Nahodha alitangaza kwamba bandari ya Miami imefungwa kwa ajili ya kimbunga, na kwamba tutazunguka baharini mpaka kipite. Kuna waliolia. Mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Nitaeleza kwa nini, ingawa ningependa zaidi kusimulia mawimbi.

Hapa Toronto mimi ni karani kwa daktari wa meno, na siku yoyote akifariki mwanamke wa jumuiya yetu, mimi ni muosha. Tuko wanne. Aliyenifundisha ni Batoolbai. Bai, kama tunavyowaita mama zetu kwa heshima. Nilikuwa nimetoka Tanga, naogopa maiti kuliko ninavyoogopa baridi. Alinifundisha maji yote matatu, ya mkunazi, ya kafuri na maji matupu, na jinsi ya kumgeuza mtu bila kumvunjia heshima. Figo zilipomwangusha, aliniita kwake, mtaa wa Downsview, na kuniambia mbele ya binti yake, Sabreen:

"Muosha huoshwa, Kulsum. Mimi nataka mikono yako."

"Nitakuosha, Batoolbai," nikasema. "Ila si leo, nina miadi saa kumi."

Alicheka mpaka akakohoa. Sabreen hakucheka.

Mwaka ule alizidiwa mara tatu. Mara tatu niliacha kazi nikakimbilia hospitali, na mara tatu akafumbua macho akaomba chai. Sisemi haya kwa kujitetea. Au pengine ndiyo najitetea. Niachieni nijitetee hapa tu, baadaye sitakuwa na nafasi.

Safari ya meli nilikuwa nikiitamani mimi, si Alireza. Septemba nauli hushuka kwa sababu ni msimu wa vimbunga, na wenye akili hubaki kwao. Lakini katika miaka thelathini ya ndoa sikuwahi kusafiri kwenda mahali pasipo na harusi, hitima wala ziara ya makaburi ya maimamu. Nilitaka kukaa kwenye kiti nitazame maji ambayo hayamwoshi mtu. Nilipomuaga Batoolbai alikuwa ameketi kitandani, amesuka nywele, na hali yake ilionekana nzuri. "Nenda mwanangu," alisema. "Nitakungoja."

Jumanne asubuhi tulifunga gati Cozumel, kisiwa cha Meksiko. Bahari ilikuwa shwari, angani hakuna hata wingu. Nilipokanyaga nchi kavu simu ilipata mtandao, na ujumbe wa Sabreen ukaingia, kwa Kiingereza kama kawaida yake: mama amezidiwa, daktari anasema ni siku moja au mbili, anakuuliza kila saa, unaweza kuja?

Ningeweza. Kisiwa kile kina uwanja wa ndege. Ndege ilipita juu ya vichwa vyetu ikishuka, nikaitazama mpaka ikapotelea nyuma ya majumba. Teksi zilikuwa zimejipanga mbele yangu. Kesho yake mchana, kwa kuchelewa sana, ningekuwa Toronto. Nilisimama pale na simu mkononi, nikajiambia, amezidiwa mara tatu huyu, ataomba chai. Kisha nikaizima simu. Kulikuwa na mama anauza kofia za ukili, nikajaribu mbili, nikachukua ile pana.

"Nyumbani wanasemaje?" Alireza aliniuliza.

"Hamna kitu," nikasema. "Mtandao wenyewe mbovu."

Siku mbili sikuiwasha. Alhamisi tulikuwa tushuke Miami, lakini kimbunga kikageuza njia na kutuzibia bandari. Ndipo niliposhusha pumzi pale kando ya bwawa. Sikujua kama Batoolbai yu hai au la. Nilijua tu kwamba, liwe liwalo, sasa nilikuwa na kisingizio.

Tulitia nanga Miami Jumapili. Alikuwa amefariki tangu Jumatano alfajiri.

Msikitini wanawake walinikumbatia. Usijilaumu, Kulsumbai, bahari ni amri ya Mungu. Nikaitikia. Nikawasimulia bwawa na viti vilivyofungwa kamba, na kila niliposimulia mawimbi yalirefuka kidogo. Alireza naye alisimulia, upande wa wanaume, ila yeye alikuwa anasema kweli. Hilo liliniumiza kuliko yote.

Siku ya tatu baada ya kurudi nilikwenda kwa Sabreen. Alinifungulia mlango mwenyewe, akanikalisha jikoni. Watoto wake walikuwa sebuleni wanatazama katuni.

"Bahari ilichafuka, mwanangu," nikaanza.

"Najua, Anti." Miaka yote nikimsemesha Kiswahili, hunijibu Kiingereza. Siku ile alizungumza Kiswahili cha mama yake, polepole, akitafuta neno. "Alhamisi ilichafuka. Mimi nilikuandikia Jumanne. Niliona umesoma."

Uso uliniwaka. Nilingoja anifukuze, nilitamani anifukuze, nipate japo kitu cha kumlaumu.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Mama aliusia kwamba ni wewe. Basi tukamngojesha. Wazee walisema meli inafika Alhamisi, tuvumilie. Jumatano yote kwenye chumba cha baridi, na Alhamisi yote. Ijumaa wakasema basi. Nikamwosha mimi, pamoja na wenzako."

"Uliweza?"

"Maji niliweza." Alitazama meza. "Mikono ilikuwa imekaza, imejikunja hapa kifuani. Nilijaribu kuinyoosha, nikaogopa kumvunja. Wenzako wakaniambia niiache ilivyo. Tumemzika hivyo hivyo, Anti, kama mtu anayesikia baridi."

Nilitaka kumwomba msamaha. Sikuomba, maana ningeomba ingembidi yeye anijibu, na alikuwa amechoka.

"Nimewaambia wenzako nitachukua nafasi ya mama," akasema. "Nifundishe mikono."

Nikavuta kiti changu karibu. "Usianzie vidoleni," nikamwambia. "Kila mtu huanzia vidoleni. Anzia begani, kwa maji ya uvuguvugu, ushuke taratibu."

Akaninyooshea mkono wake wa kulia nimwonyeshe. Aliuleta umekunjwa ngumi, na sikudhani kwamba anaigiza mkono wa maiti. Nilimkanda bega, nikashuka kwenye kiwiko, nikashuka kwenye kifundo. Ngumi haikufunguka. Nikarudi begani, nikaanza upya.