Saba ya Bwana Clever

Ulipita. Usiseme hukupita. Ulipita Butiama, pale kwenye kisima kilicho chini ya karasha la kusaga mawe ya dhahabu, ukawaona akina mama wakichota kwa ndoo za bati zilizoliwa matundu, ukageuza shingo ukaangalia simu yako. Wankyo hakuwa na shingo ya kugeuza. Mmoja wa wale akina mama ni Scholastika, shangazi yake, na maji yale yalipimwa kwenye maabara ambako yeye Wankyo alikuwa mwosha chupa.

Maabara iko Musoma mjini. Miaka kumi na moja aliosha, na miaka hiyohiyo alisoma kila kitabu ambacho wakubwa walikiacha mezani. Tarehe hazimtoki kichwani. Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, chumvi ya fosfeti iliisha. Hiyo ndiyo ya kutengenezea bafa ya saba, maji ya kusetia mashine ya pH: mashine inachovywa humo, inaambiwa hapa ni saba, katikati, chini yake asidi, juu yake magadi, ndipo inaaminiwa kupima mengine. Bafa ni maji yenye msimamo. Yatie asidi kidogo, hayatingishiki.

Bwana Clever, mkuu wa maabara, akachukua asidi ya siki na chumvi yake, akadondosha soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, mpaka namba ikasoma saba, akabandika lebo.

"Mkubwa," Wankyo akasema, "siki msimamo wake uko kwenye nne nukta nane. Inashikilia moja juu, moja chini. Kwenye saba haishikilii kitu."

"Si inasoma saba?"

"Leo inasoma."

"Basi saba ni saba. Na wewe, chupa zimeisha?"

Miezi miwili mashine ilichovywa kwenye chupa ile, mara nyingi ikitoka kwenye asidi bila kusuuzwa. Tarehe tisa, mwezi wa nne, cheti cha kisima kikatoka: sita nukta moja, maji yanafaa.

"Yanamfaa nani?" Scholastika akauliza kwenye simu. "Yanakwaruza koo. Zamani, kabla ya karasha, tulikuwaga tunayanywa hivihivi, matamu. Hao wa kwenu waje wanywe, nitawakaangia na sato."

Wankyo akaenda Bunda kwa mwalimu Eliasi, anayefundisha kemia sekondari. Mwalimu alikuwa amebakiwa na aina mbili za chumvi ya fosfeti. Wakazipima kwa mizani, wakatengeneza bafa ya kweli, wakaseti mashine ya mwalimu.

Siku ya mkutano wa kijiji aliweka vikombe viwili mezani, mbele ya Bwana Clever mwenyewe. Kimoja bafa ya fosfeti, kingine saba ya maabara. Akachovya mashine ya mwalimu. Fosfeti, saba. Ya maabara, tano nukta saba. Akakamulia kila kikombe matone mawili ya limau. Fosfeti haikutoka kwenye saba. Ile nyingine ikaporomoka hadi nne nukta tisa.

Kisha akachovya maji ya kisima. Nne nukta nane, si sita nukta moja ya cheti.

"Kumbe tumekunywa saba ya Clever," mzee Nyamhanga akasema, watu wakacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwosha chupa hafundishi maabara," Bwana Clever akajibu. "Cheti kina muhuri."

Mwenyekiti akakubaliana na muhuri. Kurudia kipimo, akasema, kunataka barua yenye saini hamsini za watumiaji wa barabara na kisima. Ndio utaratibu.

Kubandika saba kwenye kitu kisicho saba hakukuhitaji saini hata moja. Kuwanywesha watu asidi hakukuhitaji barua. Jumatatu Wankyo alifukuzwa kazi, na hilo nalo lilikwenda bila saini.

Sasa anazunguka kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Amepata saini thelathini na nane. Karasha halijasimama hata siku moja, na kisima bado kinachotwa kwa sababu bomba liko mwendo wa saa mbili.

Zimebaki kumi na mbili, na wewe barabara ile unaipita kila siku. Inuka. Nenda kwa Scholastika leo, barua inakolala, andika jina lako lote, lisomeke. Siku ya kipimo uwepo, na kabla hawajachovya mashine uwashike mkono uwaulize: bafa hii imetengenezwa kwa kitu gani, na inashikilia kuanzia wapi mpaka wapi?